Nyumba Kumi na Moja za Radi

Mwezi uliopita nilikwenda kumlilia mtu niliyemwita kaka katika utoto wangu wote, ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Katika chumba cha nyuma mwanamke mmoja alikuwa akipiga pasi shati la kumvalisha marehemu. Umeme ulikuwa umekatika, hivyo alitumia pasi ya makaa. Harufu ya kitambaa chenye unyevu chini ya chuma cha moto ilinifikia pale nilipoketi, na kwa muda nilikuwa tena na umri wa miaka tisa, katika mtaa wetu wa Murara, Goma, siku ya Jumamosi, nikimsubiri mama amalize mikono ya jezi ahamie mgongoni.

Karibu yangu alikaa mwanamume wa makamo, aliyevaa vizuri. Aliwaeleza waombolezaji kwamba marehemu aliichezea Radi, na kwamba Radi ilihama Goma kwenda Bukavu kwa sababu watu wa Goma walikuwa wameichoka na uwanja umebaki mtupu. Nilimwuliza habari hiyo ameipata wapi. Akanijibu, "Inajulikana, muzee." Sikuendelea, maana nyumba ya msiba si mahali pa kumsahihisha mtu. Lakini neno hilo, "inajulikana", ninalichukia kuliko uongo. Uongo una mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuitwa akaulizwa. Hili halina mwenyewe.

Kwa hiyo ninaandika niliyoyaona kwa macho yangu. Pale ambapo sikuwepo nitasema sikuwepo.

Radi ilikuwa timu ya wafanyakazi wa kiwanda cha kuchambulia kahawa, ambacho sote tulikiita izini. Haikuwa na ghala wala kabati. Ilikuwa na mpira, uwanja wa changarawe nyeusi uliochubua magoti ya kizazi kizima, na jezi kumi na moja za manjano zenye ukanda mweusi kifuani. Hakukuwa na ya kumi na mbili. Mchezaji wa akiba alipoitwa kuingia, alisimama kwenye mstari akisubiri mwenzake avue, kisha akavaa jezi ile ile, imelowa jasho la mwingine.

Mechi ilipokwisha, jezi zilikwenda katika nyumba kumi na moja za Murara. Kila nyumba ilikuwa na namba yake na haikubadilishana na nyingine. Kwetu ilikuwa namba nne. Mama hakuifua siku ya Jumapili. Aliiacha ipumzike, kama alivyosema, na Jumatatu aliteremka nayo ziwani pamoja na wanawake wengine kumi, kila mmoja na jezi yake juu ya beseni. Walifua kwa sabuni ya mawese. Kuianika juu ya mawe ya lava kulikatazwa, kwa sababu mawe yale hushika joto la jua na kula rangi ya manjano. Ilianikwa kwenye kamba, ndani nje. Jumamosi ilipigwa pasi. Dimanshi, kama tulivyoiita Jumapili, baada ya misa, mchezaji alikuja kuvalia katika nyumba yake. Hakupewa chakula, alipewa maji kidogo tu, kisha nyumba nzima ikamsindikiza hadi uwanjani. Makundi kumi na moja yalitoka katika vichochoro kumi na moja, na yalipokutana penye barabara kubwa, ndipo Radi ilipokuwa imekamilika.

Mchezaji wetu aliitwa Amani, na ndiye niliyemlilia mwezi uliopita. Alikuwa kijana mrefu wa kutoka milima ya Masisi, mpakiaji wa magunia pale izini, mtu wa maneno machache. Alipokuja kuvaa aliketi kwenye kiti cha baba, ambacho sisi watoto hatukuthubutu kukigusa, na mama alimwita mutoto yangu. Baba alipokuwa nyumbani, yaani asipokuwa kwenye lori lake njia ya Rutshuru na Butembo, alisimama yeye ili Amani akae. Mtoto mwenye akili angehitimisha nini? Nilihitimisha kwamba Amani ni mzaliwa wa kwanza wa nyumba yetu, na kwamba analala kwingine kwa sababu chumba ni kidogo. Hakuna aliyeniambia hivyo. Hakuna pia aliyeniambia sivyo.

Jambo hilo lilifika shuleni. Mwalimu alikuwa akijaza karatasi akauliza kila mtoto kwao wako wangapi. Nilisema watano. Dada yangu, katika darasa la juu, alikuwa amesema wanne. Mwalimu alimwita mama, akamwonyesha karatasi mbili zinazopingana, akamwomba aeleze yupi kati yetu ni mwongo.

"Hapana mwongo, mwalimu," mama alisema. "Wenye kulala kwangu ni batoto bane. Wa tano anakuyaka dimanshi."

"Sasa niandike ngapi, mama?"

"Andika vile serikali inapenda. Mimi nafula nguo ya batano."

Niliondoka pale nikiwa nimethibitishiwa. Ilinichukua muda mrefu kujua kwamba mama hakuwa akijibu swali nililodhani anajibu.

Kisha ukaja wakati ambapo mali za wageni ziligawiwa wananchi waliochaguliwa. Mgeni mwenye izini alifunga masanduku yake, na mahali pake akaja mwananchi mmoja kutoka Bukavu, aliyevaa abakosti, ile suti ya wakubwa wa zama zile, iliyonyooka na ambaye sote tulimwita Patroni. Sitataja jina lake. Ana wajukuu, na wao hawakukosa lolote. Patroni alipokea mizani, magunia, malori na, kama alivyoelewa yeye, timu ya mpira.

Habari kwamba Radi itaondoka ilifika kwanza kwa redio-trottoir, uvumi wa barabarani, ile redio isiyo na mtangazaji ambayo tulikuwa nayo kila pembe ya Zaïre. Penye bomba la maji ilisema timu inakwenda kwa mashindano ya majuma mawili. Sokoni ilisema kila nyumba yenye jezi itapewa tiketi ya meli. Nyuma ya kanisa ilisema hakuna safari kabisa. Mama alisikiliza zote tatu, akaniita.

"Weye unajua kusoma Kifaransa. Wanasema kuko karatasi kwa mulango ya izini. Kwenda, uisome kwa macho yako, usiulize mutu. Halafu urudi hapa useme ile iko mule, siyo ile unawaza."

Hilo ndilo lililokuwa somo langu la kwanza la kweli, na sikulipata shuleni. Nilisimama mbele ya mlango nikaisoma karatasi mara tatu. Niliporudi, wanawake kumi na mmoja walikuwa wamekaa uani kwetu, wengine na watoto mgongoni, na nikawatolea yaliyomo kwa mpangilio wake. Ofisi ya kampuni inahamia Bukavu, makao makuu ya mkoa, na timu inahamia pamoja nayo. Wachezaji watapewa kazi huko. Vifaa vyote vya timu, pamoja na jezi, virudishwe izini kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Meli inaondoka Jumamosi. Wafuasi wa Murara wanashukuriwa.

"Wanatushukuru juu ya nini?" mama aliuliza.

Nilifikiri. "Haikuandikwa."

Mwenye namba saba, mjane aliyeuza samaki na asiyemwogopa mtu, alisema polepole, "Vifaa. Miaka yote hii nafula kifaa."

"Na meli inakamata batu wangapi?" aliuliza mwingine. "Maana mimi kila dimanshi nikiwa kwa uwanja, sijaonaka nafasi ya kutema mate. Batabeba Murara yote?"

Walicheka, lakini si kwa furaha. Mama hakucheka. Alisema jambo moja tu, na sikulielewa wakati ule: "Juma hii mvua iko mingi. Nguo haitakauka."

Jumatano karani wa Patroni alifika na orodha. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye adabu ya ofisini, na viatu ambavyo changarawe yetu ilikuwa imeshaanza kuviharibu. Alikaribishwa kiti.

"Nimekuya kukamata mayo, sitwayene mama. Numero katre." Mayo ni jezi, sitwayene ni mwananchi wa kike, na katre ni nne, kwa Kifaransa chake cha ofisini.

"Iko na maji, papa."

Karani alitia alama kwenye orodha, akaenda nyumba ya pili. Ya pili iko na maji. Ya tatu iko na maji. Nilimfuata kwa mbali, pamoja na nusu ya watoto wa mtaa, na naweza kushuhudia kwamba nyumba zote alizoziingia siku ile zilimjibu kwa heshima na kwa maneno yale yale. Alhamisi alirudi.

"Mama, jana ulisema iko na maji."

"Jana ilikuwa na maji ya jana."

"Na leo?"

"Leo mvua imenyesha. Hukuisikia kule kwa biro?"

"Mama, muko munanicheka."

"Hapana, papa. Tungekucheka, ungesikia."

Baba alirudi siku hiyo kutoka Rutshuru na vumbi lake, akakuta mtaa mzima ukiongea kwa sauti ya chini. Mama alimweleza. Alinawa uso, akakaa, akasema, "Ile mutu iko na wakubwa nyuma yake." Mama akasema, "Na mimi niko na maji." Baba akaomba chakula. Kwa wale wasiomjua baba yangu, hiyo ilikuwa sawa na kusema ndiyo.

Ijumaa asubuhi karani alikuja na chefu, mkuu wa mtaa wetu. Huyu alikuwa mzee mnene, mwenye kofia ya ngozi, aliyependa amani kuliko haki, kama wengi wa kazi hiyo. Alisimama uani kwetu, majirani wakakusanyika, naye akaeleza kwamba kukataa kutoa mali ya kampuni ni kukataa agizo, na kukataa agizo katika nchi yetu ni jambo ambalo yeye hapendi hata kulitamka.

Mama alimsikiliza hadi mwisho. "Chefu, mimi sikatae. Nangoja ikauke."

"Kamba iko wapi? Nione."

"Sawa. Lakini tuanze na mukubwa. Numero nefu iko kwako, kwa bibi yako. Imekauka?"

Watu wote waligeuka. Ni kweli: namba tisa, ya mshambuliaji, ilitunzwa na mke wa chefu, na hakuna mtu Murara asiyelijua hilo isipokuwa karani, ambaye orodha yake iliandika namba tu na majina ya wanawake. Chefu alivua kofia, akaikagua ndani kana kwamba jibu limeandikwa humo.

"Iko na maji," alisema.

Karani alikunja orodha. Sikumwona akikasirika. Aliomba maji ya kunywa, akanywa, akaondoka bila jezi hata moja, na saa sita mchana ilipita kama saa nyingine yoyote.

Sasa ni lazima nieleze kosa langu mwenyewe. Siku ile ile, nilipokwenda shuleni mchana, redio-trottoir ya watoto ilitangaza kwamba mchezaji asiye na jezi yake hataandikwa kwenye meli na atabaki Goma. Mtoto wa jirani aliapa kwamba amesikia kwa mjomba wake. Niliamini mara moja, kwa sababu nilitaka iwe hivyo. Hapo hapo nikaanza kuogopa: mama angeweza kumnyima karani na chefu, lakini angemnyimaje mwanawe? Amani akija kuomba, atapewa, akipewa, ataondoka. Nilikimbia nyumbani, nikaishusha jezi kutoka msumarini, ambako ilikuwa imekauka tangu Jumanne, nikaizamisha, mkono wangu ukiingia hadi kwenye kiwiko, ndani ya gunia la maharage ambalo baba alikuwa ameleta kutoka Butembo.

Amani alikuja jua lilipokuwa likielekea magharibi, upande wa ziwa dogo la Lac Vert. Kwa mara ya kwanza alikuja siku isiyokuwa dimanshi, na kwa mara ya kwanza hakukaa kwenye kiti cha baba. Alibaki amesimama mlangoni.

"Mama, kesho ninaenda."

"Najua."

"Bibi yangu iko na mimba. Hapa izini inafunga. Kule kazi iko."

"Sikukuuliza sababu, mutoto yangu. Mutu iko na nyumba anaifanyia kazi." Mama alijifuta mikono. "Yule karani nilimunyima, na chefu nilimunyima. Wewe siwezi. Ni mugongo yako iliivalaka. Ngoja nikupe."

Aliingia ndani. Nilisikia msumari ukiguswa, kisha sanduku likifunguliwa. Alipotoka alinitazama mimi moja kwa moja, si dada wala wadogo zangu.

"Iko wapi?"

Nilisema. Sikuwa na ujuzi wa kudanganya mbele ya mama. Nilisema pia kwa nini: kwamba asiye na jezi hapandi meli. Nilitazamia kofi. Badala yake nilisikia Amani akicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka.

"Nani alikuambia vile?"

"Wanasema."

"Wanasema." Alichuchumaa, uso wake ukawa sawa na wangu. "Sikia, mudogo yangu. Sikuya kuomba mayo. Nilikuya kuomba mama asinipatie hata nikilia. Patroni atatununulia zingine. Mimi nitaenda na miguu yangu, juu miguu inamulisha bibi yangu. Ile nguo si yangu, ni ya nyumba. Umeificha muzuri?"

"Ndani ya maharage."

"Basi usimuonyeshe mutu. Hata mimi."

Kesho yake nilikwenda bandarini na baba, kwa sababu sikutaka kuambiwa. Nilisimama karibu kabisa na ubao wa kupandia nikawahesabu. Wote kumi na mmoja walipanda. Aliyekuwa akiandika majina hakuuliza habari ya jezi, wala hakuinua macho. Amani alipanda wa sita, na mkeka wake mmoja chini ya kwapa, na hakugeuka. Nadhani alijua kwamba akigeuka angeniona. Hapo ndipo nilipotambua kwamba neno nililoapiwa shuleni halikuwa na kitu ndani yake. Sikumchukia yule mtoto wa jirani. Nilijichukia mimi niliyelinunua bila kulikagua.

Murara wote walifikiri kwamba Jumapili ingekuwa siku ya kukaa ndani. Mama alipiga pasi Jumamosi jioni kama kawaida, baada ya kuikung'uta jezi punje za maharage. Baada ya misa aliikunja mkononi, akatoka. Tulimfuata. Katika kila kichochoro niliona jambo lile lile: mwanamke mbele, jezi ya manjano mkononi, watoto nyuma, na mahali ambapo mchezaji angetembea, hakuna mtu. Tulikutana penye barabara kubwa tukaingia uwanjani. Ulikuwa umejaa. Huyo bwana wa msibani hakuwepo, mimi nilikuwepo. Watu walikuwa wamekaa hadi juu ya kuta za mawe, wakitazama changarawe tupu.

Wanawake walisimama kwenye mstari wa katikati, kila mmoja na namba yake. Hawakuwa wamepanga lolote. Nilimuuliza mama miaka mingi baadaye akanihakikishia. Walileta jezi kwa sababu dimanshi jezi hupelekwa. Muda ulipita hata nikaona haya. Kisha baba yangu, mtu wa karibu miaka arobaini, dereva mwenye mgongo mbovu, alivua koti lake la safari, akampa dada yangu alishike, akaenda kwa mama akanyoosha mkono.

"Lete," alisema.

"Itakubana."

"Lete vile vile."

Ilimbana. Baada yake alikuja katekista, kisha fundi viatu, kisha wanafunzi wawili, kisha kijana mchunga ng'ombe aliyeshuka sokoni na maziwa na ambaye hakuwa amewahi kuvaa kiatu cha mpira. Zilipovaliwa zote, waliobaki walifanya timu ya pili, wakacheza. Sijaona mpira mbaya zaidi ya ule. Watu walipiga kelele kwa kila mpira uliopigwa, na Jumatatu wanawake waliteremka ziwani na mabeseni.

Katika ofisi ya michezo watu wetu waliambiwa kwamba jina la Radi lina mwenyewe na liko Bukavu. Kwenye karatasi waliandikwa Timu ya Murara. Sijawahi kumsikia mtu akilitumia jina hilo kwa kinywa chake.

Mwaka ulipita, labda na zaidi kidogo. Patroni alitaka kuonyesha timu yake katika mji ilikotoka, barua ikaja kuomba mechi, na watu wa Murara wakakubali. Patroni mwenyewe hakuja. Kwa nini, sijui. Alikuja karani, kama kiongozi wa msafara. Timu yake iliteremka uwanjani katika jezi mpya zinazong'aa, za manjano, na ukanda mweusi kifuani. Upande wa pili walisimama watu wetu katika zile za zamani, zilizoshonwa viraka, za manjano, na ukanda mweusi kifuani. Baba bado alikuwa namba nne, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwambia aache. Mbele yake alisimama Amani, naye namba nne.

Refa alikuwa mwalimu kutoka Rutshuru, mgeni kwa pande zote mbili. Alizitazama timu, akaweka filimbi mfukoni.

"Haiwezekani. Timu moja ibadilishe."

"Wabadilishe hawa," karani alisema, akionyesha upande wetu. "Rangi hii ni ya Radi. Radi ni sisi."

"Kwa desturi anayebadilisha ni mugeni," alisema refa.

"Sisi si bageni. Radi ilizaliwa hapa Murara."

Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mstari, karibu kabisa. Mama hakuinuka. "Kama ilizaliwa hapa," alisema kwa sauti ya mtu anayeuliza bei, "iliondoka kufanya nini?"

Refa alifikiri, kama mwalimu anayesahihisha hesabu. "Sitwayen, jana mulilala wapi?"

"Kwa hoteli."

"Na mbele ya jana?"

"Bukavu."

"Mutu anayelala hoteli ni mugeni. Mubadilishe."

Karani alisema hawana jezi nyingine. Alisema pia kwamba hawatacheza, na kwamba habari itafika mbali. Kelele zilianza kupanda kwenye kuta. Niliogopa, maana askari wawili waliokuwa wameegemea lango walisimama wima. Ndipo Amani alipoinua mikono, akashika jezi yake mpya mgongoni, akaivuta juu ya kichwa. Aliikunja vizuri kwa mikunjo minne, kama alivyoona ikikunjwa kwetu, akaiweka chini kwenye changarawe. Alibaki na singleti, fulana yake ya ndani.

"Amani, vaa," karani alisema.

"Niko tayari, refa," Amani alisema.

Wa pili aliyevua alikuwa namba saba. Kisha wote. Hata wale wanne ambao walikuwa wenyeji wa Bukavu na hawakujua chochote kuhusu nyumba zetu walivua, kwa kuwa wenzao wamevua. Mechi ilichezwa, wa manjano dhidi ya wenye singleti.

Wapo wanaodai kwamba siku ile tulishinda. Nimewasikia hata wazee wenzangu, watu ambao wangepaswa kuona aibu. Hatukushinda. Tulifungwa mabao sita kwa moja, na hilo moja alijifunga beki wao. Amani alimpita baba mara nyingi bila huruma, maana mama alikuwa amemwambia kabla ya filimbi, nikisikia, "Ukicheza ya uongo juu ya muzee yangu, usifike kwangu kula." Alifunga la nne. Mama alipiga makofi, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Filimbi ya mwisho ilipolia, uwanja haukuondoka. Jezi mpya kumi na moja zilikuwa bado pale chini, pembeni mwa mstari, na upepo ulikuwa umeanza kuzitia vumbi jeusi. Wachezaji wa singleti walikuwa tayari wamechanganyika na watu, kila mmoja wa wale wa zamani akielekea upande wa nyumba yake. Karani aliwatazama wanawake wa Murara. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Alitazama kwa mazoea, kama mtu anayeona sahani chafu na kumtafuta mpishi. Wote kumi na mmoja walikuwa wamekaa palepale, mabeseni yao yako nyumbani, mikono yao imelala juu ya vitenge.

Hakuna aliyeinama. Karani alingoja kidogo, kisha akapinda goti katika suruali yake safi, akaokota ya kwanza, akaikung'uta, akaenda kwenye ya pili. Tulimwangalia hadi alipofika ya kumi na moja.